Kukomesha Ukataji wa Misitu katika Minyororo ya Ugavi ya Kampuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanaharakati, waandishi wa habari, viongozi wa vyama vya ushirika na wanunuzi wa kawaida wanaotaka kufahamu kwa nini watetezi wa misitu siku hizi huonekana zaidi kwenye malango ya kampuni za vyakula kuliko msituni kwenyewe.

Mnyororo wa ugavi una uhusiano gani na msitu?

Mnyororo wa ugavi ni safari yote ya bidhaa tangu shambani hadi kwa mlaji, pamoja na kila anayeinunua, kuisindika, kuisafirisha au kuikopeshea fedha njiani. Msitu huguswa mwanzoni kabisa mwa safari hiyo, pale ardhi inapofyekwa ili ipandwe zao au igeuzwe malisho. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linakadiria kwamba hekta milioni 420 za misitu ziligeuzwa kuwa ardhi ya matumizi mengine kati ya 1990 na 2020, na kwamba karibu asilimia 90 ya ukataji wa misitu duniani hutokana na kilimo na ufugaji. Mazao mengi yanayolimwa kwenye ardhi hiyo huliwa katika nchi zilezile, lakini ng'ombe, soya, mawese, kakao, kahawa, mpira na mbao huvuka mipaka kwa wingi, na wanaozinunua ni kampuni zenye majina, anwani na wanahisa.

Mawese yanaonyesha vizuri jinsi uhusiano huo unavyoweza kufuatiliwa. Mkungu wa chikichi ukishakatwa huanza kuharibika, na usipofika kiwandani ndani ya siku moja au mbili, asidi huongezeka na mafuta hupoteza thamani. Kwa sababu hiyo kiwanda cha kukamulia hakiwezi kununua matunda kutoka mbali. Anayejua kiwanda kilipo anaweza kuchora duara la kilomita 50 hivi kwenye ramani na kuuliza msitu uliomo ndani ya duara hilo una hali gani. Ndiyo maana dai la kwanza la watetezi kwa kampuni za vyakula lilikuwa orodha ya viwanda wanakonunua, na ndiyo maana kampuni zilichukua miaka mingi kabla ya kuitoa hadharani.

Kwa nini lawama zielekezwe kwa kampuni ilhali anayeshika shoka ni mtu mwingine?

Kwa sababu wenye mashamba ni mamilioni, na walaji ni mabilioni, lakini katikati yao wamo wafanyabiashara wachache mno. Kampuni ya Wilmar ya Singapore, kwa mfano, ilikuwa ikishughulikia zaidi ya theluthi moja ya biashara ya mawese duniani wakati ilipotangaza, Desemba 2013, kwamba haitanunua tena kutoka kwa wasambazaji wanaokata misitu, wanaokausha ardhi ya mboji (ardhi oevu iliyojaa mabaki ya mimea) au wanaonyanyasa wafanyakazi na jamii za wenyeji. Tamko hilo moja liliwafikia wasambazaji wengi kuliko ambavyo semina za vijijini zingewafikia kwa muongo mzima.

Hoja hii haimwondolei serikali wajibu wake. Brazil ilipunguza ukataji wa misitu ya Amazon kutoka kilomita za mraba zaidi ya 27,000 mwaka 2004 hadi chini ya 5,000 mwaka 2012, na sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitokana na doria, faini, maeneo mapya ya hifadhi na picha za setilaiti za taasisi ya serikali ya utafiti wa anga, INPE. Shinikizo kwa kampuni lilikuwa mkono wa pili wa kazi ileile, na mikono yote miwili ilihitajika.

Je, kampeni za namna hii zimewahi kuzaa matunda?

Zimewahi, na mfano uliochunguzwa kwa kina kuliko mingine yote ni wa soya ya Amazon. Aprili 2006 shirika la Greenpeace lilifuatilia soya iliyopakiwa katika bandari ya kampuni ya Cargill huko Santarém, ikavushwa bahari hadi Uingereza kulisha kuku, na kuku hao wakaishia kuwa vipande vya kukaanga katika migahawa ya McDonald's. Wanaharakati waliovaa mavazi ya kuku waliingia katika migahawa hiyo na kujifunga kwenye viti. Jambo la kuangalia kwa makini ni lililofuata: McDonald's haikuishia kutafuta msambazaji mwingine, bali iliungana na wanaharakati kuwabana wauzaji wa soya, na mwezi Julai mwaka huohuo vyama viwili vya wafanyabiashara wa Brazil, ABIOVE na ANEC, vilitangaza kwamba wanachama wao hawatanunua soya iliyolimwa kwenye ardhi ya Amazon iliyofyekwa baada ya tarehe hiyo. Baadaye tarehe ya ukomo ilisogezwa hadi Julai 2008 ili ilingane na sheria ya misitu ya nchi hiyo.

Katika miaka miwili kabla ya makubaliano, karibu asilimia 30 ya mashamba mapya ya soya katika Amazon yalitokana moja kwa moja na kufyeka msitu. Kufikia 2014 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi takriban asilimia moja, na wakati huohuo eneo la soya lilizidi kupanuka, kwa kuwa wakulima walihamia kwenye malisho ya zamani ambayo yalikwisha kufyekwa. Dai kwamba kulinda msitu kunaua kilimo limeshindwa kujibu takwimu hizo.

Makubaliano hayo yalishika kwa sababu yalikuwa na vitu ambavyo ahadi nyingi hazina: tarehe moja isiyobishaniwa, zao moja, eneo linaloonekana kwenye picha za setilaiti, wanunuzi karibu wote wakiwa ndani, na kamati iliyokutanisha kampuni na mashirika ya kiraia kukagua orodha ya mashamba kila msimu. Shamba lililokutwa na kosa lilikosa mnunuzi, na mkopo wa pembejeo, ambao mara nyingi hutolewa na mnunuzi huyohuyo, ulikauka.

Hata hivyo makubaliano hayakuihusu Cerrado, nyika yenye miti iliyo kusini na mashariki mwa Amazon, ambayo imekwisha kupoteza takriban nusu ya uoto wake wa asili, soya ikiwa miongoni mwa sababu. Upinzani nao umekua. Jimbo la Mato Grosso lilipitisha sheria ya kuzinyima nafuu ya kodi kampuni zinazojifunga kwa masharti makali kuliko sheria ya nchi, na Agosti 2025 mamlaka ya ushindani wa kibiashara ya Brazil, CADE, iliagiza makubaliano yasimamishwe kwa hoja kwamba washindani hawaruhusiwi kukubaliana nani asinunuliwe bidhaa zake. Mvutano wa mahakamani ulifuata. Binafsi naona hoja ya CADE ni ya kuchukuliwa kwa uzito kisheria, na ndiyo sababu inayonifanya niamini kwamba makubaliano ya hiari, hata yaliyo bora, ni daraja la kuelekea kwenye sheria na hayawezi kukaa mahali pa sheria.

Ahadi zilizoshindwa zilishindwa kwa nini?

Mwaka 2010 Jukwaa la Bidhaa za Walaji, linalokusanya baadhi ya kampuni kubwa kabisa za vyakula na maduka duniani, liliahidi kufikia "ukataji sifuri halisi", yaani ukataji ukishatolewa miti iliyopandwa, ifikapo 2020. Mwaka 2014 serikali, kampuni na mashirika ya kiraia yalitia saini Tamko la New York kuhusu Misitu, lililolenga kupunguza upotevu wa misitu ya asili kwa nusu ifikapo 2020. Mwaka 2020 ulifika na malengo yote mawili yalikuwa hayajafikiwa. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa tabianchi wa Glasgow wa Novemba 2021, nchi zaidi ya 140 ziliahidi tena, safari hii kwa mwaka 2030.

Kasoro hazikuwa za siri. Hapakuwa na adhabu kwa asiyetimiza. Kampuni nyingi hazikujua bidhaa zao zinatoka shamba gani, kwa hiyo ziliahidi jambo zisiloweza kulipima. Na neno "halisi" lilifungua mlango mpana, kwa maana kwamba hekta moja ya msitu wa asili ikikatwa na hekta moja ya mikaratusi ikapandwa kwingine, hesabu husoma sifuri. Ndege, wadudu na watu waliokuwa wakiutegemea msitu ule hawamo katika hesabu hiyo.

Je, cheti au nembo kwenye pakiti inatosha?

Inasaidia, lakini inategemea imeandikwa nini kwa herufi ndogo. Katika RSPO, mfumo wa vyeti vya mawese ulioanzishwa 2004, kuna daraja la mafuta yaliyotenganishwa tangu shambani, na kuna daraja la mchanganyiko, ambapo mafuta yenye cheti na yasiyo na cheti humiminwa kwenye tangi moja, na kampuni huruhusiwa kuuza kiasi kilekile chenye cheti ilichonunua. Daraja la pili humlipa mkulima mwema, na hilo ni jema, lakini haliwezi kumhakikishia mnunuzi kwamba chupa aliyoishika haina msitu ndani yake.

Kwa upande mwingine, cheti kinaweza kuwa nguvu ya kijiji. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kutoza mazao yanayovunwa humo. Wilayani Kilwa, kwa msaada wa shirika la MCDI, vijiji vilipata cheti cha FSC, cha usimamizi mzuri wa misitu, mwaka 2009 kwa misitu yao ya asili, ambamo huvunwa mpingo unaotumika kutengeneza zumari za kizungu kama klarineti na oboe. Kamati ya kijiji huhesabu miti, huamua ni mingapi ivunwe, na gogo hupigwa alama ili liweze kufuatiliwa hadi kwenye kisiki chake. Mnyororo wa ugavi ukisomwa kutoka upande huu, mwanakijiji si mtuhumiwa tena bali ndiye muuzaji mwenye masharti.

Kwa nini nyama ya ng'ombe ni ngumu kuliko mazao mengine?

Kwa sababu ng'ombe anatembea. Malisho ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kufyekwa kwa Amazon, na tangu 2009 machinjio makubwa ya Brazil yameahidi, mengine kwa makubaliano na waendesha mashtaka wa serikali kuu, kutonunua kwa mfugaji aliyekata msitu kinyume cha sheria. Lakini ndama huweza kuzaliwa shamba moja, akakuzwa la pili, akanoneshwa la tatu, na kwa kawaida machinjio hukagua lile la mwisho tu. Mwenye shamba lililofyekwa humuuzia jirani mwenye karatasi safi, na kufikia siku ya kuchinjwa, ng'ombe huyo hana doa.

Kila anapohamishwa, ng'ombe hutakiwa kuwa na kibali cha kusafirishia mifugo, kiitwacho GTA, kilichowekwa kwa ajili ya kudhibiti magonjwa. Vibali hivyo vikiunganishwa na ramani za mashamba vinaweza kueleza safari yote ya mnyama, na ndiyo sababu watetezi wamedai kwa muda mrefu viwekwe wazi.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inadai nini, na itamgusaje mkulima wa kahawa wa Kagera au Mbinga?

Kanuni namba 2023/1115 inahusu bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na vitu vinavyotengenezwa kutokana nazo, kama ngozi, chokoleti na samani. Bidhaa haitaruhusiwa kuingia katika soko la Ulaya ikiwa imetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, au ikiwa imezalishwa kwa kuvunja sheria za nchi ilikotoka. Kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini ambayo kiwango chake cha juu hakipaswi kuwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka katika Umoja huo. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, na kwa mujibu wa uamuzi wa Desemba 2025, kampuni kubwa na za kati zinatakiwa kuanza 30 Desemba 2026, na zile ndogo 30 Juni 2027.

Kwa mkulima, jambo la msingi ni mahali shamba lilipo. Shamba la hekta 4 au chini yake linaweza kutajwa kwa nukta moja ya latitudo na longitudo yenye tarakimu sita baada ya desimali. Shamba kubwa kuliko hapo lazima lichorwe mipaka yake yote, isipokuwa kwa ng'ombe. Wakulima wengi wa kahawa katika Afrika Mashariki wako chini ya hekta 4, kwa hiyo simu ya kawaida yenye GPS inatosha, mradi kuwe na mtu wa kupita shamba kwa shamba na mahali pa kuzihifadhi taarifa hizo.

Ugumu hujitokeza kwenye ghala. Kahawa ya wanachama mamia kadhaa hukusanywa pamoja katika AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kanuni hairuhusu kuchanganya kahawa inayojulikana inakotoka na isiyojulikana. Gunia moja la mwanachama ambaye shamba lake halijasajiliwa linaweza kuharibu mzigo mzima. Chama kinachotaka kujilinda kinapaswa kuwasajili wanachama wote kabla ya msimu, kiandike namba ya shamba kwenye stakabadhi ya kila mzigo unaopokelewa, na kihakikishe kwamba taarifa za ramani zinabaki kuwa mali ya chama. Hili la mwisho hupuuzwa sana. Mnunuzi akilipia upimaji na kuondoka na data, mwaka unaofuata chama hakina uwezo wa kumuuzia mwingine.

Swali linalofuata huwa ni la vihamba, yaani mashamba ya mseto ya Kilimanjaro. Mkulima wa Kilimanjaro anayelima kahawa chini ya migomba na miti ya kivuli asidhani kwamba shamba lake litahesabiwa kuwa msitu. Tafsiri inayotumika ni ya FAO: eneo la zaidi ya hekta 0.5, lenye miti inayozidi mita 5 na vivuli vinavyofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, bila kuhesabu ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo, na kilimo mseto cha mazao chini ya miti kimetajwa humo waziwazi. Picha ya setilaiti ikikosea, na inaweza kukosea kwa kuwa kutoka juu kihamba na msitu hufanana, mkulima anahitaji ushahidi wa umri wa shamba lake.

Chai, ufuta, korosho na parachichi hazimo katika orodha.

Je, tususie mawese kabisa?

Hapana. Hekta moja ya michikichi hutoa mafuta mara kadhaa kuliko hekta ya soya au alizeti, kwa hiyo kuyakimbia mawese bila mpango kunaweza kudai ardhi nyingi zaidi kwingineko. Isitoshe, mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa Mombasa na Dar es Salaam yametokana na mawese ya Indonesia na Malaysia, na familia inayonunua mafuta ya kupima haina anasa ya kuchagua. Dai la maana ni kwa viwanda vya kusafishia mafuta vilivyoko bandarini kwetu vitaje vinanunua kutoka viwanda gani vya kukamulia huko Asia. Kwa sasa macho yote yako kwa mnunuzi wa Ulaya, na mafuta yanayokataliwa huko hutafuta masoko yasiyouliza maswali, likiwemo letu.

Je, huu si ukoloni mpya wa nchi zilizokwisha kumaliza misitu yao?

Malalamiko hayo yana ukweli. Gharama za ramani na vyeti hushuka hadi kwa mzalishaji, ilhali faida hubaki juu. Hata hivyo, kudhani kwamba wazo la kuibana kampuni kwa ajili ya msitu limetoka nje ni kusahau historia ya jirani zetu. Mwaka 2007 serikali ya Uganda ilipanga kuipatia kampuni ya sukari hekta takriban 7,100 za msitu wa Mabira, karibu robo ya msitu wote. Waganda walitumiana ujumbe mfupi wa simu wakihimizana kususia sukari ya kampuni hiyo, Ufalme wa Buganda ukajitolea kutoa ardhi mbadala, na mpango ukawekwa kando mwaka huohuo, ingawa ulijaribu kufufuliwa mwaka 2011. Hakuna mfadhili wa Ulaya aliyewatuma.

Mabira ina upande mwingine usiopaswa kufichwa. Maandamano ya Aprili 2007 mjini Kampala yaligeuka ghasia, watu wakapoteza maisha, na raia wa India ambaye hakuwa na uhusiano wowote na kampuni hiyo aliuawa kwa sababu tu wamiliki wa kampuni walikuwa na asili ya Kihindi. Kampeni inayotaja jina la kampuni lazima ijibane kwenye matendo ya kampuni, na viongozi wake wanapaswa kukemea hadharani lugha ya ubaguzi tangu siku ya kwanza.

Vipi kuhusu watu wanaoishi ndani ya misitu iliyokatwa?

Hapa ndipo utetezi mbaya unapoweza kuumiza. Côte d'Ivoire na Ghana hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, na kwa miaka mingi kakao ililimwa hata ndani ya hifadhi. Mwaka 2016 serikali ya Côte d'Ivoire iliwaondoa makumi ya maelfu ya watu katika hifadhi ya Mont Péko, wengi wakiwa wakulima walioishi humo kwa miaka mingi huku kakao yao ikinunuliwa bila swali. Mnunuzi aliyefaidika na kakao hiyo anapaswa kuchangia gharama za kuwapatia wakulima hao njia nyingine ya kuishi, na dai hilo liandikwe katika kila barua pamoja na dai la kuulinda msitu.

Na mkaa?

Katika Tanzania na mashariki mwa Kongo, mkaa na mashamba madogo ya chakula hufyeka misitu mingi kuliko mazao ya kuuza nje, na kampuni za kimataifa hazina sehemu kubwa humo. Tatizo hilo linahitaji nishati mbadala ya mijini na usimamizi wa misitu ya vijiji. Mbinu zinazoelezwa hapa hazilitatui.

Nikiona msitu unafyekwa na ninashuku kampuni fulani inanunua kutoka hapo, nianzie wapi?

Anza na mahali na tarehe. Ramani za Global Forest Watch, zinazopatikana bila malipo tangu 2014, zinaonyesha maeneo yaliyopoteza miti na mwaka yalipoipoteza. Zilinganishe na picha ulizopiga mwenyewe zenye viwianishi (latitudo na longitudo). Kisha tafuta karatasi ya biashara: namba za magari, jina la ghala, stakabadhi, orodha ya wasambazaji iliyochapishwa na kampuni yenyewe. Bila kiungo hicho utakuwa na picha ya uharibifu ambayo kampuni yoyote itaikana.

Majina ya wanakijiji waliokupa taarifa yasiingie kwenye barua, kwa sababu barua ya malalamiko husomwa pia na msambazaji anayelalamikiwa, naye anaishi jirani nao. Kampuni nyingi zenye sera ya kutokata misitu zina daftari la malalamiko lililo wazi kwa umma, na hapo ndipo pa kuanzia kabla ya vyombo vya habari. Tunza nakala na tarehe ya kupeleka. Jibu la kawaida ni kwamba msambazaji huyo ameshaondolewa kwenye orodha, na shauri hufungwa. Likija jibu hilo, omba tarehe ya mzigo wa mwisho aliouleta, kisha tafuta ni nani sasa anayenunua kutoka kwake.